Bamba la Seleni na Chaji Inayotulia

Katika ufundi wote uliozaa mashine ya fotokopi, hakuna kazi inayodai subira kuliko kutengeneza bamba la seleni. Kulieleza ni rahisi: kipande cha alumini kilichonyooka, juu yake safu ya seleni yenye unene wa mikromita 50 hivi, pungufu ya unene wa unywele wa kichwani. Lakini safu hiyo inatakiwa kufanya mambo mawili yanayopingana. Gizani, ishike chaji za umeme juu ya uso wake bila kuzipoteza. Ikipigwa na mwanga, iziachie papo hapo, tena pale tu mwanga ulipogusa. Kila hatua ya kazi, tangu kusafisha alumini hadi kupangusa unga wa mwisho, inailinda tabia hiyo.

Kabla ya seleni kulikuwa na salfa. Chester Carlson alikuwa mtaalamu wa hataza mjini New York, mwenye shahada ya fizikia kutoka Caltech. Kazini kwake nakala za michoro na maelezo ya uvumbuzi zilihitajika kila siku, na kila siku hazikutosha. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga mtaani Astoria, yeye na msaidizi wake Otto Kornei, mhandisi mkimbizi kutoka Austria, walichukua kibamba cha zinki kilichopakwa salfa. Kornei aliandika kwa wino juu ya kioo chembamba cha hadubini: 10.-22.-38 ASTORIA. Walitia chumba giza, wakaisugua salfa kwa leso ya pamba ili kuipa chaji, wakaweka kioo juu yake na kuiwashia taa kali kwa sekunde chache. Kisha wakaondoa kioo na kunyunyiza unga wa likopodiamu, ambao ni spora laini za mmea mdogo wa msituni. Wakapuliza taratibu. Unga uliolegea uliruka. Ulioshikwa na chaji ulibaki, na maneno yakasomeka. Walibandika karatasi yenye nta juu yake, wakaipasha moto, wakaibandua. Kopi ya kwanza ilikuwa imepatikana, wakairudia mara kadhaa kuhakikisha kwamba haikuwa bahati.

Hatua zote zilizokuja baadaye zimo katika jaribio hilo: kuchaji, kumulika, kutia unga, kuhamisha, kuyeyushia unga kwenye karatasi. Kilichokosekana ni bamba lenye utii. Salfa ilihitaji mwanga mwingi, na kuichaji kwa leso kulitoa chaji nyingi hapa na chache pale, kadiri mkono ulivyopita. Kampuni zaidi ya 20 zilimkataa Carlson kabla ya taasisi ya Battelle, mjini Columbus katika jimbo la Ohio, kuikubali kazi hiyo mwaka 1944. Baadaye kampuni ya Haloid ya Rochester, iliyokuwa ikitengeneza karatasi za picha, ikaingia na kugharimia utafiti. Ni pale Battelle ambapo William Bixby alijaribu seleni.

Mafundi wa umeme waliijua seleni tangu zamani, lakini waliyoijua ni ile ya kijivu, yenye fuwele, ambayo hupitisha umeme vizuri kiasi. Kwa kazi ya kushika chaji, seleni hiyo haifai. Seleni ya Bixby ilikuwa na sura nyingine, nyeusi inayong'aa, yenye wekundu wa damu ikiangaliwa kwa wembamba. Ni elementi ile ile, atomu zile zile. Tofauti yao ni mpangilio. Katika fuwele, minyororo ya atomu imelala sambamba, safu baada ya safu, kwa kanuni isiyovunjika. Katika seleni hii nyeusi kila atomu bado imeshikana na jirani wawili, lakini minyororo imejipinda na kukatiza kila upande bila ramani. Wanasayansi huita vitu vya namna hiyo amofasi. Kioo cha dirisha ni kimojawapo. Gizani, seleni ya amofasi huzuia umeme mara mamilioni kuliko ile ya kijivu.

Mtu angedhani kwamba vurugu ya atomu ni dalili ya kazi iliyofanywa ovyo. Katika bamba hili mambo ni kinyume. Safu ya fuwele nyingi ndogo ndogo ina mipaka kati ya punje na punje, na chaji hupenya kwenye mipaka hiyo. Safu ya amofasi iliyotengenezwa vizuri haina punje wala mpaka. Kila milimita yake ina vurugu ile ile, kwa hiyo kila milimita hushika chaji kwa kiwango kile kile. Kupata vurugu iliyosambaa sawasawa kiasi hicho kunataka nidhamu kubwa.

Nidhamu huanzia kwenye alumini. Bamba husuguliwa na kulainishwa hadi mikwaruzo iishe, kisha huondolewa mafuta kwa dawa, husafishwa kwa maji yaliyochujwa madini na kukaushwa pasipo vumbi. Kuanzia hapo halishikwi kwa kidole kitupu. Juu ya alumini huachwa utando mwembamba sana wa oksidi yake. Utando huo ni kizuizi: chaji zilizo upande wa metali zisipande na kuingia kwenye seleni wakati hazijaitwa. Doa moja la mafuta chini ya seleni litakuwa mahali pa kuvujia, na kila kopi itakayotoka itaonyesha kasoro pale pale, kwa maisha yote ya bamba.

Bamba safi hufungwa ndani ya chombo cha ombwe, uso ukitazama chini. Chini yake kuna kihori cha metali chenye vipande vya seleni safi. Pampu hufyonza hewa kwa muda mrefu, mpaka molekuli zilizobaki ziwe chache kiasi kwamba atomu ya seleni inaweza kusafiri kutoka kihorini hadi bambani bila kugongana na kitu. Ndipo kihori kinapopashwa moto. Seleni huyeyuka ikifika nyuzijoto 220 hivi za Selsiasi. Fundi huipandisha juu ya hapo, nayo huanza kutoa mvuke. Mvuke hupanda na kuganda juu ya alumini, jinsi mvuke wa sufuria unavyogandia kwenye mfuniko, ila hapa kinachoganda hakirudi kudondoka.

Hapa ndipo fundi hupimwa. Alumini ikiwa baridi mno, safu huganda kwa mkazo na haishiki vizuri. Inaweza kupasuka au kubanduka. Ikiwa ya moto mno, atomu hupata nafasi ya kusogea na kujipanga, na fuwele huanza kuota. Kwa hiyo bamba hutunzwa kwenye joto la wastani, kati ya nyuzi 55 na 75 hivi, juu kidogo ya joto ambalo seleni ya amofasi huanza kulegea, na chini ya lile linaloiharakisha kuwa fuwele. Mwanya ni mdogo. Kihori nacho hakitakiwi kuchemka kwa fujo, kwa sababu matone yatarukia bamba na kuacha chunusi. Fundi huachia mvuke upande kidogo kidogo, mikromita baada ya mikromita, huku akiangalia vipimajoto viwili, cha chini na cha juu, mpaka safu itimie. Baadaye iligunduliwa kwamba aseniki kidogo sana, karibu nusu ya asilimia, hufunga minyororo pamoja na kuchelewesha fuwele, na mchanganyiko huo ukawa wa kawaida.

Bamba likitoka, hukaguliwa chini ya mwanga wa pembeni. Fundi mwenye jicho hutafuta ukungu, doa la kijivu, tundu dogo la sindano. Doa la kijivu maana yake fuwele imeanza, na fuwele ikianza haiombi ruhusa ya kuenea. Bamba lililopita hufungwa pasipo mwanga na kuachwa litulie. Kwa kulitazama tu huwezi kujua kama linafaa. Jibu litatoka kwenye chaji.

Kuchaji kwa leso kuliachwa Battelle. Badala yake walitumia waya mwembamba kuliko unywele, uliovutwa juu ya bamba na kupewa volti elfu sita au saba. Karibu na waya huo uga wa umeme ni mkali kiasi cha kuivunja hewa yenyewe: molekuli hupoteza elektroni na kubaki ioni zenye chaji chanya, na kwenye giza huonekana mng'ao wa buluu uliouvika waya. Mafundi huuita korona. Ukinusa utapata harufu kali ya ozoni. Waya wa chanya una adabu kuliko wa hasi. Mng'ao wake hulala sawasawa kwa urefu wote, ilhali wa hasi hujikusanya kwenye vinundu vinavyorukaruka. Bahati nzuri, seleni hutaka chanya.

Waya hupitishwa juu ya bamba kwa mwendo usiobadilika. Ioni hunyesha juu ya seleni na kukaa pale zilipotua. Ukiusimamisha waya nukta moja, mahali hapo patakuwa na chaji nyingi kuliko jirani. Ili kuondoa hatari hiyo, kati ya waya na bamba huwekwa wavu wa nyaya wenye volti zilizochaguliwa. Maadamu uso wa bamba una volti pungufu ya wavu, ioni hupita na kutua. Uso ukifikia kiwango cha wavu, hakuna tena kinachozivuta ioni kwenda chini, nazo huishia kwenye wavu. Sehemu iliyotangulia kujaa husubiri, iliyochelewa huifikia, na bamba zima hulingana bila fundi kulazimisha.

Kipimo kinachomhusu fundi hapa ni msongamano wa chaji, yaani chaji iliyopo kwenye kila kipande cha eneo. Tuchukue bamba lenye seleni ya mikromita 50 lililochajiwa hadi volti 600. Hesabu hutoa chaji za msingi karibu bilioni nne kwa kila milimita ya mraba. Idadi inatisha, lakini uso huo una atomu nyingi zaidi: ni takribani chaji moja kwa kila atomu elfu mbili au tatu. Chini, ndani ya alumini, zimejikusanya chaji hasi za idadi ile ile, zikivutwa na zile za juu. Katikati kuna uga wa volti milioni 12 kwa mita. Hewa ya kawaida huvunjika kwa milioni tatu na kupiga cheche. Seleni, kwa wembamba wake wote, hubeba mara nne ya hapo na kunyamaza.

Haitanyamaza milele. Gizani pia chaji hupungua polepole, kwa sababu joto la chumba huachilia elektroni chache ndani ya seleni, na kasoro zozote za safu husaidia uvujaji. Ndiyo maana bamba hupimwa kwa kifaa kinachosimama juu ya uso bila kuugusa na kusoma volti zake. Fundi huandika namba, husubiri, husoma tena. Bamba zuri hupoteza kidogo sana katika muda wa kutoa kopi. Bamba baya huonyesha ubaya wake katika dakika ya kwanza, na hapo kazi yote ya ombwe imekuwa bure.

Sasa bamba liko tayari kuona. Mwanzoni mtoa kopi alifanya kila kitu kwa mkono. Mashine ya Haloid ya mwaka 1949, Model A, ilikuwa masanduku matatu, na yeye ndiye aliyelihamisha bamba kutoka sanduku moja hadi jingine. Alilifunika kwa kifuniko chake cha giza, akalipeleka chini ya lenzi, akafunua kifuniko. Mwanga ulioakisiwa na weupe wa orijino uliangukia bamba. Weusi wa herufi haukuakisi kitu. Sekunde kadhaa, kisha kifuniko kikarudi.

Kinachotokea ndani ya sekunde hizo hakionekani kwa jicho. Chembe ya mwanga wa buluu haifiki mbali ndani ya seleni. Humezwa kabla ya kupita mikromita moja, na pale ilipomezwa huacha elektroni moja huru na tundu moja, yaani nafasi ambayo elektroni imeiacha. Uga mkali hauzipi nafasi ya kurudiana. Elektroni huvutwa juu na kuifuta chaji chanya moja ya usoni. Tundu husukumwa chini, likisafiri unene wote wa safu hadi alumini. Safari hiyo ndefu ndiyo sababu ya seleni kuchajiwa chanya: ndani ya seleni ya amofasi matundu hutembea kwa wepesi kuliko elektroni mara makumi. Elektroni zingepewa safari hiyo, nyingi zingenaswa njiani. Kwa kuchagua chanya, fundi humpa mwenye mbio safari ndefu na mzito safari fupi.

Rangi nazo zina hadithi yao. Seleni huona buluu na kijani vizuri, lakini nyekundu haioni. Maandishi mekundu hutoka meusi tititi, ilhali mstari wa buluu hafifu hupotea kabisa, kwa kuwa bamba huuona kama karatasi nyeupe.

Picha sasa ipo, lakini imeandikwa kwa chaji tupu. Ili ionekane hutakiwa unga. Tona ni plastiki iliyosagwa pamoja na masizi, chembe zake zikiwa na upana wa mikromita 10 hivi. Unga huo peke yake hauna mwelekeo. Watu wa Battelle waliuchanganya na vijipira vidogo vya kioo au mchanga vilivyopakwa plastiki maalumu. Vikisuguana, tona huchukua chaji hasi na vijipira huchukua chanya, na kila kijipira hujivika koti la unga. Chembe moja ya tona hubeba makumi elfu ya elektroni za ziada.

Mtoa kopi huliweka bamba juu ya trei, huifunga, kisha huiinamisha huku na huku. Vijipira hubingirika juu ya uso mzima kwa mchakacho mdogo. Panapokuwa na chaji ya kutosha, uga wa bamba huinyang'anya tona kutoka kwenye kijipira; penye uchache, kijipira hupita na unga wake, na hata hukokota chembe zilizopotea njia. Mkono unaoinamisha haraka mno huacha herufi hafifu. Unaorudia mno huchafua weupe. Mzoefu husikiliza mchakacho na kujua wakati wa kuacha.

Akifungua trei, anaona jambo lililowasumbua waliotangulia. Herufi zimetoka nyeusi kabisa, lakini doa pana jeusi la orijino limetoka na kingo nyeusi na tumbo jeupe. Sababu iko kwenye uga, na ni somo zuri la chaji ya uso. Katikati ya eneo pana lenye chaji sawa, mistari yote ya uga hushuka moja kwa moja kwenye chaji hasi za alumini, mikromita 50 tu chini yake. Hakuna unaopanda hewani, kwa hiyo tona inayopita haisikii mvuto. Penye ukingo, ambapo eneo lenye chaji linapakana na lisilo nayo, mistari hujikunja, hutoka nje ya uso na kuruka hewani. Tona hufuata mabadiliko ya msongamano wa chaji kuliko wingi wake. Kwa herufi hilo ni neema, maana herufi ni kingo tupu. Kwa picha zenye weusi mpana, dawa ilikuwa kuweka bamba jingine la metali karibu kabisa na uso wakati wa kutia unga, ili mistari ya uga ipate pa kwenda upande wa juu.

Madaktari waliigeuza kasoro hiyo kuwa msaada. Bamba la seleni nene zaidi huachia chaji kwa eksirei pia, na kuanzia miaka ya 1960 daktari John Wolfe wa Detroit alionyesha jinsi picha za namna hiyo zinavyofaa kuchunguza matiti. Titi ni nyama laini. Tofauti za kivuli ndani yake ni ndogo. Uga wa kingo uliikoleza mipaka hiyo midogo, na chembe za chokaa zisizozidi punje ya chumvi laini zikaonekana kwa macho.

Turudi kwa mtoa kopi. Karatasi kavu hulazwa juu ya unga kwa uangalifu, kwa sababu ikiteleza hata kidogo herufi zitapata mkia. Waya wa korona hupita tena, safari hii juu ya mgongo wa karatasi, na chaji chanya za mgongoni huivuta tona hasi kutoka kwenye seleni. Karatasi hubanduliwa kuanzia pembe moja, kwa mkono ulionyooka. Herufi zimesimama juu ya karatasi, lakini pumzi ya mtu ingeziharibu. Huingizwa kwenye tanuri, plastiki huyeyuka na kuzama kwenye nyuzi za karatasi. Ikitoka, kopi ina ujoto na haifutiki.

Mwanafunzi angedhani kazi imekwisha. Kwa anayejali bamba, imebaki nusu. Tona kidogo hubaki kwenye seleni kila mara na lazima ipanguswe kwa kitu laini. Katika mashine iliyofuata ilikuwa brashi ya manyoya ya sungura. Kisha bamba humulikwa lote ili chaji zilizosalia zifutike. Hata hivyo zipo zisizofutika. Ndani ya vurugu ya atomu kuna mahali ambapo chaji huingia na kunasa, na bamba lililotumika mfululizo hukusanya mabaki hayo mpaka picha ya zamani ijitokeze hafifu chini ya mpya. Mafundi husema bamba limechoka. Dawa yake ni kulipumzisha gizani, au kulipasha joto kidogo, ili zilizonasa zipate nguvu ya kutoka. Mtoa kopi mwenye akili alikuwa na mabamba kadhaa, akiyazungusha kwa zamu.

Kazi hii yote ndiyo iliyoingizwa ndani ya mashine moja ya Haloid, Xerox 914, iliyoonyeshwa New York tarehe 16 Septemba 1959. Bamba lilikunjwa likawa silinda, na silinda ilipozunguka ilipita chini ya korona, lenzi, vijipira, karatasi na manyoya kwa mfuatano ule ule wa trei na masanduku. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 300 na ilitoa kopi saba kwa dakika kwenye karatasi ya kawaida. Carlson alikuwa amengoja miaka 21 tangu Astoria. Mkono haukuhitajika tena kwenye bamba, lakini subira ya mkono ilikuwa imehesabiwa ndani ya kasi ya silinda, urefu wa waya na ulaini wa brashi.

Seleni imeshaondoka kwenye fotokopi. Silinda nyingi sasa zimepakwa plastiki zinazofanya kazi hiyo hiyo, na nyingine, kama za Kyocera, zina silikoni ya amofasi, ngumu na yenye kudumu. Fundi anayezihudumia mashine hizo Mombasa au Dar es Salaam anaujua uso wake vizuri. Korona huacha mabaki ya kemikali juu ya silinda. Siku ya unyevu mwingi mabaki hayo hunyonya maji, uso huanza kupitisha umeme kwa ubavu, chaji hutawanyika kabla ya tona kufika, na herufi hutoka zimetota. Ndiyo sababu silinda za silikoni hupashwa joto kidogo, na fundi huzisugua uso kabla ya kulaumu tona. Anachofanya ni kurudisha sharti la mwaka 1938: chaji ikae ilipowekwa.

Seleni yenyewe imehamia hospitali. Mashine nyingi za kidijitali za kupiga picha za matiti zina ndani yake safu ya seleni ya amofasi yenye unene wa mikromita 200 hivi, iliyogandishwa kwa mvuke ndani ya ombwe. Tona na manyoya havipo tena. Chaji zinazoachiliwa na eksirei husomwa moja kwa moja na transista zilizo chini ya safu. Lakini anayeitengeneza bado husafisha uso wake kwanza, hutunza joto ndani ya mwanya ule mdogo, huachia mvuke upande taratibu, na huitupa safu nzima akiona fuwele moja.